Mama Mwenyeji Apimwa

"Waraka kuhusu Kuendelea Kuwapo kwa Muda kwa Kiti Kirefu cha Abiria Kufuatia Kukoma kwa Abiria." Hivyo ndivyo halmashauri ya mji wetu ilivyoliandika benchi letu mwaka ule basi lilipoacha kuja, na muda huo haujaisha mpaka leo. Benchi liko mbele ya duka langu la tumbaku, ambalo nalo limefungwa, ubavuni mwa mashine inayouza kahawa ya makopo: kitufe chekundu ni cha kahawa ya moto, kitufe cha buluu ni cha baridi. Hapo ndipo tunaposhinda. Yupo Katibu, aliyestaafu idara ya maji taka na ambaye huzungumzia kila sheria ya nchi kana kwamba aliitunga yeye. Yupo Kocha, aliyefundisha besiboli shuleni mpaka watoto wakapungua, timu ikawa haitimii. Na yupo Shigezo, tunayemwita Mkwe, kwa sababu katika ndoa yao aliyeolewa ni yeye: aliingia nyumba ya wageni ya kina mkewe, Bi Sumie, akachukua jina lao, na sasa yuko karibu na tisini na bado ni Mkwe. Asubuhi moja ya majira ya majani kupukutika alikuja na uso wa mtu aliyekesha. Mkaguzi wa bima ya uuguzi wa wazee alikuwa njiani kuja kumpima mkewe, aone hajiwezi kwa daraja gani kati ya matano.

— Hajui mwaka, akasema Mkwe. Hajui kama tulifunga biashara. Alfajri anavaa viatu, huyo, stesheni kupokea wageni. Juzi nilikuwa namtoa bafuni, tukaanguka wote wawili. Safari nyingine sijui kama tutainuka.

— Basi daraja la tatu atalipata, nikasema. Mtu akishalipata, makao ya wazee yanampokea.

— Hatalipata. Akisikia mgeni anakuja, anapona.

Hatukubisha, maana mwaka jana tulishuhudia. Alimpokea mkaguzi akiwa amevaa kimono, akapiga magoti, akamimina chai bila tone kudondoka. Mkaguzi aliandika kwamba mama anajiweza, kisha akauliza kama wakati wa theluji vyumba hupatikana.

— Kosa lenu ni kufagia, akasema Katibu. Nchi nzima hii, mtu akiambiwa serikali inakuja kuona asivyojiweza, anaosha madirisha.

— Sikufagia. Nimemwaga nguo zote sebuleni, kama ulivyonielekeza.

— Vizuri sana.

— Amezikunja.

Kocha akafungua kopo lake la pili.

— Mfundishe kushindwa, bwana. Mchezaji akitaka, mpira anaudondosha.

— Timu yako mbona ilishindwa bila kufundishwa? akauliza Katibu.

— Ndiyo maana nalijua somo.

Gari dogo jeupe la halmashauri likakata kona. Mkwe akainuka kwa kushika goti, akavuka barabara. Mlango wa nyumba ya wageni ulikuwa wazi, na Bi Sumie alikuwa ameshapiga magoti pale kizingitini, kimono cha rangi ya majivu, mkanda umefungwa kiunoni kama wa bi harusi.

— Nani kamvalisha? nikauliza.

— Si Mkwe, akasema Kocha. Mkwe hata kifungo cha shati kinamshinda.

Tukamwona Bi Sumie akiinama mpaka paji la uso likakaribia sakafu, taratibu, bila kutetemeka, kisha akainuka vilevile. Katibu alisahau kopo mkononi. Mlango ukafungwa, tukabaki na kahawa na maoni.

— Kosa ni mlango, Kocha akaanza. Mkaguzi angeingilia jikoni, kama muuza samaki, angemkuta Sumie wa kila siku.

— Sheria haina mlango wa jikoni. Mimi nasema apimwe Mkwe. Asiyejiweza pale ni yeye.

— Na mkewe?

— Amtunze. Si anajiweza?

— Hapo umenena, Katibu, akasema Kocha. Tena tupimwe wote. Mji mzima ulazwe pale kama mzee mmoja. Kutembea: hautembei, basi halipo. Kumbukumbu: unazo za zamani tu. Kula: vya kupondwapondwa. Daraja la tano, bila mjadala.

— Na nani atautunza? nikauliza.

— Mji jirani.

— Nao uko daraja la nne.

Tukacheka. Nilikuwa na jambo nililotaka kuuliza tangu mlango ule ufungwe.

— Lakini ile akili yake, nikasema, inayorudi mgeni akija. Inarudi kutoka wapi?

Katibu alifikiri kweli.

— Hilo haliko kwenye sheria.

— Niliwahi kuwa na mpigaji, akasema Kocha. Alivunjika kidole, hakujua mpaka mchezo ulipokwisha.

Akazungusha kopo tupu.

— Ila huyu mama mchezo wake ulikwisha zamani.

Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi mpya, Bi Hoshi, aliyehamia kwetu majira ya joto, alitoka kinyumenyume akiinama, kwa kuwa Bi Sumie alikuwa bado anainama, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuwa wa kwanza kuacha. Wakaja hivyo mpaka kwenye gari, hatua chache kutoka benchi. Bi Hoshi akamgeukia Mkwe, akashusha sauti.

— Mzee, siku za kawaida mama anakuwaje?

Benchi zima likazuia pumzi. Mkwe akamtazama mkewe, aliyesimama pale pale kando yake, mikono imekutana tumboni.

— Tunajikongoja vizuri tu, akasema. Samahani kwa kukusumbua.

Katibu akafumba macho.

— Sema, Mkwe, akanong'ona Kocha. Sema, ndugu yangu.

Hakusema. Mwanamke huwezi kumhesabia mapungufu yake mbele yake, tena langoni kwake. Bi Hoshi akafungua mlango wa gari.

Hapo Bi Sumie akamgeukia mumewe, akainama kwa kina kile kile alichompa mkaguzi.

— Na wewe, mgeni wetu, unaondoka lini?

Sisi watatu tulitazama viatu vyetu. Mkwe naye akainama.

— Bado nipo kidogo, Mama. Kama chumba kipo.

— Kipo, akasema Bi Sumie. Chako kipo siku zote.

Bi Hoshi akaufunga tena mlango wa gari, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

— Mama, bwana huyu ni nani?

— Ni mgeni wetu wa muda mrefu. Jina limenitoka, na kumuuliza sasa itakuwa aibu. Lakini ni mtu mwema. Hajawahi kulalamikia chakula.

Kocha akavua kofia. Sijui alimvulia nani.

Daraja la tatu lilitoka kabla ya theluji. Majani yalipochipua nafasi ikapatikana, na Bi Sumie akahamia makao ya wazee ng'ambo ya mto. Mkwe huenda huko kila siku mchana, na mkewe humpokea mlangoni.