Mwalimu Aliyefukuza Theluji Darasani

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026, Mwalimu Nabwile Wakoli anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza. Alianzia Malakisi, akahamia Kimilili, na tangu 2003 amekuwa nasi hapa Kitale. Mimi Mukhisa, mwalimu wa Kiswahili niliyegombania naye kiti cha dirishani miaka yote hiyo, ndiye niliyepewa kazi ya kumuaga. Kiti nimekipata, lakini sina raha nacho.

Alipofika, wasichana wetu walikariri tamathali za Kiingereza kama sala. Kila insha ilikuwa na kitu cheupe kama theluji, na theluji yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Nabwile akaipiga marufuku. Siku ya soko aliwatuma wakawasikilize wauza mahindi: nani anatia chuku, nani anauliza swali asilotaka lijibiwe, nani anarudia neno mpaka mteja analegea. Kisha wakirudi waandike kwa Kiingereza, na kila tamathali itolewe sababu.

Mwanzoni alama zilishuka. Wazazi walinung'unika, ati watoto wanasomeshwa sokoni, na mwalimu mkuu wa wakati huo akapanga kumnyang'anya Kidato cha Nne. Uamuzi ungetangazwa siku ya wazazi. Nabwile hakujitetea. Alimsimamisha tu Sally Jelimo, msichana mpole kutoka eneo la Kwanza, asome insha yake.

Sentensi tatu zilianza na baba akipanda: alipanda mvua ilipochelewa, alipanda tena mbegu zilipooza, alipanda mara ya tatu kwa mbegu za kuomba kwa jirani. Ya nne ilianza na baba akingoja, na insha ikaishia hapo. Mzee Kipketer, babake, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, aliinuka akaomba isomwe tena kwa kuwa hata yeye ameielewa. Sisi walimu tulilia waziwazi. Kidato cha Nne kikabaki na mwalimu wake.

Kalamu yake nyekundu itapitia hata ukurasa huu, ndiyo maana sijathubutu kumlinganisha na Mlima Elgon. Muhula ujao darasa lake litashikwa na Mwalimu Sally Jelimo, yule yule.

Asante, Mwalimu. Ulipanda Malakisi. Ulipanda Kimilili. Ulipanda hapa kwetu Kitale. Sasa ngoja, kwa afya na furaha, nyumbani Bungoma. Mavuno tutakuletea.