Nilisema Nimepona, Nikarudisha Kiti

Sauti ya nguzo ya meza ikikatika ninayo mpaka leo. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayevunja muwa kwenye goti, halafu kahawa ikaanza kumwagika chini, mfululizo, na katikati ya kumwagika huko nikamsikia dada Adela, mwenzangu wa kazini, akisema taratibu, "Mkono wangu." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenivumilia. Mimi ni Editha, mtoto wa hapa hapa Ntobeye, na wengi mnanijua kwa kucheka. Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikashuhudia kwamba nimepona, mkanipigia makofi. Leo nashuhudia upya, kwa sababu ushuhuda ule haukuwa kweli, na kuna mtu aliumia kwa sababu yake.

Nilipomaliza darasa la saba nilipata kazi kwenye mtambo wa kuchakata kahawa. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, inaanikwa juu ya meza ndefu za miti na wavu. Sisi wanawake tunasimama pembeni toka asubuhi, tunaigeuza kwa mikono na kutoa punje mbovu. Mvua ikitokea, wawili wawili tunashika turubai, mmoja huku mwingine kule, tunakimbia nalo kufunika. Kahawa iliyokauka nusu ikilowa inaota ukungu, na jasho la mkulima la mwaka mzima linashushwa daraja.

Niliipenda sana kazi ile. Niliota kufungua kibanda cha kahawa pale Ngara mjini, chenye viti vya rangi. Wenzangu walinitania. "Editha, nani atakunywa? Sisi kahawa tunaiuza, tunakunywa chai."

Halafu mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Nikitembea, kandambili inabaki nyuma. Vidole vikafa ganzi, na jua likiwa kali naona punje mbili mahali penye moja. Nilipelekwa mpaka Mwanza. Daktari akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unakwenda polepole lakini unazidi, na vidonge vitaupunguza kasi tu. Akaandika kwenye karatasi: asisimame juani muda mrefu, asikimbie, asibebe mizigo.

Nilijua kazi imeisha. Lakini msimamizi wetu, Mama Gaudensia, mama Mkatoliki mwenye maneno machache, aliichukua ile karatasi akaenda nayo kwa meneja, mimi nyuma yake.

Meneja akauliza, "Sasa huyu atafanya nini hapa?"

Mama akamjibu, "Atachambua akiwa amekaa. Asubuhi macho yake ni mazuri kuliko yako na yangu."

Fundi akanitengenezea kiti kirefu chenye egemeo, kikawekwa kwenye meza ya mwisho, penye kivuli. Saa za jua kali nilipumzika stoo. Turubai nikakatazwa kuligusa, nikapewa filimbi badala yake. Kazi yangu ikawa kutazama mawingu yanayotoka upande wa Burundi na kupuliza kabla tone la kwanza halijaanguka. Msimu ule hatukulowesha hata meza moja. Wenzangu wakaniita Bibi Mvua. "Bibi Mvua, leo tufue nguo au tuache?" Nami nawajibu, "Fueni shuka, blanketi msiguse."

Nilicheka nao, ndugu zangu, lakini moyoni niliona aibu. Mimi msichana nimekaa, na mama wa watoto watano amesimama kando yangu. Lile lilikuwa pendo la Mungu kwangu, la mbao na misumari, nami nikaliona kama fedheha.

Ndipo ikaja Jumapili ile ya maombezi. Niliombewa, nikasikia joto likishuka miguuni, nikaruka mara tatu. Sikuigiza, na wala mhubiri hakunidanganya. Nililisikia kweli lile joto. Mama yangu alipiga magoti akalia mpaka kitenge kikalowa. Kabla ya jioni shangazi zangu wote wa Nyakisasa walikuwa wamepigiwa simu.

Jumatatu nilipoamka mguu ulikuwa ule ule. Nje nilimsikia mama akifagia uwanja huku akiimba, na ni miaka sijamsikia akiimba. Hapo ndipo nilipaswa kutoka nimwambie. Sikuweza. Nilivaa viatu nikaenda kazini.

Mnajua desturi yetu: aliyepona huacha mbele ya kanisa kitu cha ugonjwa wake, fimbo au bandeji. Mimi fimbo sikuwa nayo. Basi nikabeba kiti na filimbi nikavirudisha ofisini.

Mama Gaudensia alinitazama miguu. "Editha, mwanangu, Mungu anaponya, nami nasadiki. Lakini mguu huo nauona."

"Mama, usiuwekee shaka muujiza wa Mungu."

"Basi rudi kwa daktari, niletee karatasi nyingine."

"Daktari si Mungu, Mama."

Alichukua filimbi akaiweka kwenye droo. Nilimfunga mdomo kwa jina la Bwana, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote. Vidonge navyo niliviacha, nisije nikaonekana nikimeza.

Wiki ya tatu mvua ilikuja ghafla. Filimbi ilikuwa kwenye droo, hakuna aliyekuwa anatazama angani. Nikashika ncha ya turubai, dada Adela akashika nyingine. Aliniambia, "Editha, acha, nimwite mwingine." Nikamwambia, "Kimbia tu." Hatua ya nne mguu haukuja. Nikaiangukia meza kwa uzito wangu wote, nguzo ikakatika, meza ikalala juu ya mkono wa Adela. Kahawa ya wakulima ikaingia matopeni, na mvua ikainyeshea.

Kesho yake meneja alituita sote. "Huyu nilisema asiguse turubai. Nani aliondoa kiti chake?"

Mama Gaudensia akasema, "Niliruhusu mimi."

"Kwa karatasi ya nani?"

"Hakuna karatasi. Niliruhusu mimi."

"Basi hata wewe kiti chako cha usimamizi ukiache leo."

Ndugu zangu, yule mama alianza kufungua funguo za stoo kwenye kitenge chake. Hakunitazama hata kidogo. Angenitazama kwa lawama labda ningekaa kimya. Niliomba moyoni neno moja tu, Bwana nisaidie, na mdomo wangu ukafunguka.

"Bosi, sijapona. Sikupona hata siku moja. Mama alikataa, mimi nikamtisha na Mungu."

Hiyo ndiyo siku niliyofunguliwa. Mguu ulibaki vile vile. Kilichofunguliwa ni ulimi, uliokuwa umefungwa wiki tatu na makofi niliyoyapenda. Mama Gaudensia alibaki na funguo zake. Tulipotoka alinishika bega akasema, "Kesho njoo mapema, kabla ya jua." Kiti kikarudi, na sasa wameongeza kamba ya kushika kutoka getini mpaka mezani, maana natembea vibaya kuliko mwaka jana. Daktari anasema vidonge nilivyoviacha vina sehemu yao katika hilo. Wiki zile hazirudi.

Mama yangu nilimwambia jioni ile ile. Akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa naimba nini?" Haimbi tena akifagia, nami naendelea kuomba kwa ajili hiyo.

Mkono wa dada Adela uliungwa vibaya. Hawezi kukaza vidole kwenye mpini wa jembe. Nilipokwenda kwake Keza kumwomba msamaha, aliniambia, "Nimekusamehe, ila usinizoee haraka." Nikasema sawa.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye uongo nilioupaka jina lake. Bado naamini anaponya, na bado namwomba aniponye. Lakini kama upo hapa na umeshika kidonge, au mtu amekuwekea kiti, usimwogope Mungu kwa kukikalia. Mwamini ukiwa mgonjwa vile vile, na umwambie ukweli. Hatakuaibisha.

Alhamisi iliyopita, siku yangu ya kupumzika, nilipanda bodaboda mpaka Keza wakati dada Adela ameenda mnadani. Maharage yake yalikuwa yamezidiwa na magugu. Nilikaa chini, nikang'oa kwa mkono, nikajisogeza, nikang'oa tena, mpaka nikamaliza tuta moja. Nikajipangusa udongo, nikaondoka.