Saruji Haikusubiri King'ora

Zima hiyo televisheni, Lucius, na wewe Verdell acha kunifuta jasho, mje hapa niwaone wote wawili, maana pumzi iliyobaki sitaki kuimalizia kwenye kelele. Nisikilizeni wanangu. Nafia ndani ya nyumba hii kwa makusudi, na nataka mjue makusudi hayo ni yapi.

Baraza hii ya mbele saruji yake aliimwaga babu yenu, Amos Pruitt, Novemba ya mwaka 1931, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mji huu wa Wexley uliitaka mikono yetu mchana tu. Kila siku saa kumi na mbili jioni king'ora kililia juu ya mnara wa maji, na Mweusi yeyote alitakiwa awe ameshavuka daraja kurudi kwetu ng'ambo. Siku ile kulikuwa na baridi kali, na saruji kwenye baridi hukawia kushika: ukiilainisha mapema unaiharibu, ukiiacha inakauka na matuta yake. Fundi mwenzake akamwambia, "Amos, twende bwana, waache wenye nyumba wajikwae!" Baba akamjibu, "Nimebakiza kona moja. Sitaki mtu aseme kazi ya Pruitt ni ya ovyo." Hilo ndilo kosa lake lote. King'ora kikamkuta amepiga magoti, mwiko mkononi. Asubuhi alionekana kando ya reli, na mji ukaandika kwamba amegongwa na treni. Treni gani hiyo inayomfunga mtu mikono kwanza?

Kisha mimi, binti yake, nikaisugua baraza hiyo hiyo miaka ishirini na mitatu, nikiwafanyia kazi Wazungu wenye nyumba. Ile kona aliyoibakiza baba, iliyokauka na matuta yake, waliifunika kwa zulia, na zulia nililikung'uta mimi. Kila jioni kabla ya king'ora: "Dessa, vaa koti lako." Nikavaa. Nikavuka daraja. Kesho yake nikarudi na tabasamu langu, na nyuma ya meno nikawa nahesabu madirisha ya nyumba hii kama mtu anayehesabu mali yake.

Hati ya nyumba hii ilisema isikaliwe na Mweusi milele. Sheria ilipokuja kuyafuta maneno hayo, midomo haikufutika. Kila nilipouliza nyumba, ilikuwa imeuzwa jana. Ndipo nikamtuma mwalimu Ingrid Dahl, Mzungu mwenye sura ya kanisani, akainunua kwa jina lake Jumatatu, na Alhamisi ikawa yangu. Kabla sijaingiza kitanda nilitoa lile zulia, nikalichoma uani mchana kweupe.

Walter Kessler yuko pale mbele, ng'ambo ya barabara. Mwaka ule baba alipouawa alikuwa na miaka kumi na tisa, na alijisifu dukani kwamba kamba aliishika yeye. Jioni yangu ya kwanza aliniita kutoka mlangoni kwake, "Dessa! King'ora kimeshalia!" Nikamwambia, "Nimekisikia, Walter. Ingia ndani usije ukapata baridi." Miaka kumi na mitano sasa, kila jioni nakaa barazani anione. Mchungaji Beasley ananisihi nisamehe. Nimemwambia, samehe wewe, mchungaji, wewe bado una muda.

Lucius, inua uso. Unadhani sijui kwamba mjukuu wa Kessler amekupigia simu mara mbili, akitaka kuinunua nyumba? Unadhani sijui amekuambia wataibomoa hii baraza, waweke ya mbao? Basi sikia: nyumba nimeiandika jina la dada yako Verdell, na hauzi. Wewe ukitaka kuishi humu, ishi. Ukimshawishi dada yako aiuze, utakuwa umemzika babu yako mara ya pili, na safari hii mikono iliyomfunga itakuwa yako.

Verdell, kona ile usiilainishe. Hata wakikuletea fundi wa bure.

Siku ya mazishi yangu, chakula kiliwe barazani. Leteni watu wote wa ng'ambo ya daraja, wazee, watoto wachanga, na yule Dupree anayecheka kama punda. Kuku wakaangwe kwa wingi, na pai za viazi vitamu. Kiti changu kiwekwe juu ya matuta. King'ora kikilia, maana bado wanakipiga, eti ni desturi nzuri ya mji, asiinuke mtu. Uma usiwekwe chini. Walter asipelekewe sahani. Apelekewe harufu tu.

Mungu awape... nipe maji. Mungu awape paa ambalo hakuna atakayewatoa chini yake. Awape migongo migumu. Awaache na hasira kidogo, ya akiba.

Fungua dirisha, Verdell. Zaidi.

Hicho. Mnakisikia? Kinalia, nami nimo ndani. Baba, nimo... Lucius, mbona umesimama?

Keti, mwanangu. Keti.