Mwalimu Praxeda na Swali la Kipi Kilitangulia

Mwalimu Praxeda Ernesti Ngonyani, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 21 Julai 1947 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Mwera, Pangani. Baba yake alitoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Mama yake, Beatrisi, aliuza vitumbua kambini.

Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1969 na kufundisha biolojia sekondari mjini Tanga. Hakujua kutulia. Alisahihisha mitihani akitembea, chai aliinywa amesimama. Mwaka 1973 alifunga ndoa na Noa Shemweta, fundi wa reli, wakaishi mtaa wa Usagara. Noa hutania kwamba viti vya nyumba yao vilinunuliwa kwa ajili ya wageni.

Mwaka 1986, mashamba ya mkonge yakifungwa, kamati moja ya elimu ilimtuma kuchunguza uvutaji bangi miongoni mwa wanafunzi. Alikuta wavutaji wengi wamefeli. Kamati ikaamua hapo hapo kwamba bangi ndiyo iliyowafelisha, na wafukuzwe. Mmoja wao alikuwa kijana wa Tongoni aliyeitwa Shekhe. Mwalimu alikwenda kwao. Mama wa kijana, Bi Chiku, alimweleza kuwa mwanawe alianza kukosa shule baba yake alipopunguzwa kazi. Bangi ilikuja baadaye.

Tangu hapo hakutulia. Alizunguka nyumba za wote waliofukuzwa. Wapo waliokuwa kama Shekhe. Wapo pia walioanza na bangi, ndipo masomo yakashuka. Alirudi mbele ya kamati na kusema: "Mambo mawili kwenda pamoja hakutuambii lipi limezaa lenzake. Sijasema bangi ni njema. Nasema hatujui, na tusiwafukuze watoto kwa tusilolijua."

Uamuzi haukubadilika, naye akahamishiwa Pangani. Shekhe alimfuata huko, akasomeshwa sebuleni kwake, na mwaka 1989 akafaulu mtihani kama mtahiniwa binafsi.

Mwaka 1993 mwanawe mkubwa, Anold, aliyekuwa akivuta bangi, aliugua ugonjwa wa akili. Anold mwenyewe ametaka jambo hili lisomwe leo. Majirani walisema bangi imemharibu. Mama alikumbuka kwamba usingizi ulianza kumkimbia kijana kabla hajavuta, lakini hata hilo hakulishika kama jibu. Mdogo wa Mwalimu, Imakulata, alimwuliza kama anailaumu bangi au la. Akajibu: "Sijui, mdogo wangu. Nikisema najua nitadanganya. Na huyu bado anahitaji kuogeshwa."

Alimwogesha, akampeleka kliniki mwezi baada ya mwezi, hadi Anold akapata nafuu na kurudi kazini. Swali hakuliacha, alilisumbukia hata kanisani.

Januari 1998 figo zake zilianza kushindwa. Anold ndiye aliyemlisha uji na kumgeuza kitandani hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 9 Mei 1998.

Ameacha mume, Noa; watoto wawili, Anold na Lea; mdogo wake, Imakulata; na wajukuu watatu. Bwana ampe pumziko, na majibu aliyoyakosa huku ayakute kwake.