Kidole Nilichotia Gari Lilipochemka

Ndugu zangu, anayewasomea maneno haya ni mjukuu wangu. Yeye amesoma. Mimi sikusoma, na kuna mtu aliyelifanya hilo kuwa mtego wangu.

Miaka ya hamsini nilikuwa dereva wa gari kuukuu la mizigo, baina ya Mokowe na Witu. Kutia maji katika rejeta kila asubuhi ilikuwa kazi ya karani wa tajiri, nami nikisimamia mizigo. Siku moja, kabla ya nusu ya safari, injini ikachemka. Nilipolegeza kifuniko, mvuke uliniunguza mkono hadi kiwiko.

Karani alinijia na karatasi. "Ni ya kuagizia spea. Tia kidole." Nikatia.

Kesho yake tajiri aliniita mbele ya wapakizi. "Humu umekiri kuwa uliendesha gari bila maji. Kidole ni chako au si chako?"

"Kidole ni changu, Bwana. Maneno si yangu."

Karani akacheka. "Asiyejua alifu atajuaje injini?"

Nikafukuzwa. Nawaambia, mwezi mzima hakuna aliyenipa kazi, na walioniamkia kwa heshima wakaniita Bwana Kidole.

Hasira ndiyo iliyonirudisha kwa gari lile, lililoachwa bandani. Nikafungua rejeta, nikakuta ukoko mweupe mdomoni mwake. Nikaulamba: chumvi. Nikamwita tajiri alambe naye; akaja na karani wake. Akalamba, akatema, akamgeukia karani.

"Maji ulikuwa ukiyateka wapi?"

"Ndia ya kisimani ni ndefu, Bwana. Na maji ni maji."

Maji ya bahari, ndugu zangu, ndani ya chuma cha moto. Na kosa nikabebeshwa mimi.

Nilibadilisha gasketi ya injini iliyoungua, nikasuuza rejeta. Bi mmoja jirani alinipa maji matamu ya birika lake la kuwekea maji ya mvua, na kiangazi kilikuwa kikali. "Gari lenu lina kiu kushinda ng'ombe wangu," alisema. Nilionja maji kila yalipotoka, hadi chumvi ikaisha. Injini ikawaka, ikatulia.

Tajiri akasema, "Rudi kazini, yamekwisha." Nikakataa kushika usukani mpaka karatasi ile isomwe mbele ya wapakizi wale wale, kisha ichanwe. Karani aliisoma mwenyewe, kisha akaichana. Radhi hajaniomba mpaka leo.

Namshukuru Mola, kisha Bi yule, na tajiri aliyekubali kulamba. Nanyi, mkiletewa karatasi msiyoweza kuisoma, isomwe na mtu wenu, si na aliyeileta. Akikasirika, kunja kidole chako, uondoke.