Mshale Uliosimama Katikati

Kijiwe chetu cha Kariobangi ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa zamani, na mbele yake Fowsiya na birika lake la kahawa ya tangawizi. Wanaume wa benchi hili wana majibu ya kila kitu isipokuwa wanachofanya hapo tangu asubuhi. Mimi hukaa kwenye ncha, na mitungi yangu miwili mitupu, kwa sababu mifereji ya ploti yetu imekauka na lori la maji la Owiti hupitia hapa. Siku hiyo lilifika kweli, tangi limejaa pomoni, maji yakidondoka barabarani, likasimama mbele yetu likihema. Owiti akateremka bila salamu.

— Waya, kuja uone hii kitu. Geji ya moto imenichanganya. Inapanda, inapanda, halafu ghafla inaanguka chini kabisa, ni kama injini iko kwa friji.

Waya ni Irungu, fundi wa umeme wa magari. Na niseme ukweli: kazi anaijua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

— Ilianza lini, buda?

— Juzi. Lakini leo imezidi. Na kwa kisima wasee walikuwa wanasukumana, nimejaziwa tangi nikafukuzwa, hata kushuka sikushuka. Saa hizi nafaa kuwa Baba Dogo, kwa kliniki ya akina mama wajawazito. Matangi yao yameisha. Wamesema nikichelewa tena wanachukua mtu mwingine, na huyo hatatoka hapo tena.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Truphena, mkewe, aliuza saluni yake ya Buruburu, viti, draya na vioo vyote, ndipo likanunuliwa lori hilo lililozeeka mikononi mwa watu wengine. Nyumba nzima ilikuwa imepakiwa humo.

Boneti ikafunguliwa. Owiti akarudi kukaa kwa usukani.

— Weka ufunguo tu, usipige staata, Waya akasema. Mshale uko wapi?

— Umelala.

Waya akachomoa waya kwenye sensa, kile kifaa kinachopima joto la injini, akaugusisha kwenye chuma cha injini.

— Na sasa?

— Umeruka! Uko mwisho, kwa nyekundu!

— Basi geji ni nzima, waya ni mzima. Sensa ndiyo imekufa.

Alisema hivyo huku akipuliza vidole. Kile chuma kilikuwa kimemuunguza.

— Dubai hii gari haingekanyaga lami, akasema Diaspora, ambaye alikaa Dubai miaka miwili na hajawahi kurudi kimawazo. Dubai geji inakuongelesha. Inakuambia, bwana, simama.

— Dubai si ulikuwa unalinda geti?

— Geti ya garaji, Waya! Garaji!

Mheshimiwa akaweka kikombe chini, akakohoa. Huyu ni Gitonga. Aligombea udiwani mara mbili, wadi ikamkataa mara mbili, lakini cheo alikipenda kiasi cha kutosubiri kura.

— Wananchi, tujiulize. Owiti, huo mshale unaanguka ukifika wapi?

— Kwa ule mlima, Mheshimiwa. Karibu na mnara wa simu.

— Aaa! Mmesikia? Mnara! Yale mawimbi yanavuta mshale. Hilo jambo nililipeleka mbele, nikanyamazishwa.

— Si mawimbi tu, Diaspora akadakia. Hao watu wa nje wanazima geji za lori zote za zamani, ili tununue za umeme. Wanabonyeza huko mbali, chwap, mshale unaanguka.

— Hii lori haina hata redio, Fowsiya akasema, akimimina. Wanaizimia wapi?

— Ndiyo wanaanza na hizo, mama. Haziwezi kujitetea.

Wakacheka. Owiti hakucheka. Simu yake ililia mfukoni, akaitazama, akairudisha.

— Na kama mshale hausemi uongo? niliuliza.

— Madam, Mheshimiwa akanigeukia kwa upole wa mtu anayemsamehe mtoto. Hapa si chuo.

— Nimeuliza tu.

— Kuuliza ndiko kumeharibu hii nchi. Watu wanauliza, kazi hazifanyiki. Acha fundi afanye kazi.

— Waya, sema basi, Owiti akasema. Niende ama nisiende?

— Sensa ya hii hupati leo, hata ukienda Grogan kwa wauza vipuri. Lakini naweza kuivalisha.

Kuvalisha ni ufundi wa mtaa wetu. Waya wa sensa unaunganishwa na kijidude kilichotolewa kwenye redio mbovu, na mshale unasimama katikati na kukaa hapo, injini iwe baridi au iwe inaiva. Magari huvalishwa siku ya ukaguzi na siku ya kuuzwa. Mkaguzi hutulia, mnunuzi hutulia. Sijawahi kusikia mtu akimvalishia mwenye gari, naye mwenyewe akijua, ili tu atulie.

Waya alimaliza kabla kahawa yangu haijapoa.

— Angalia.

— Katikati! Owiti akapiga kelele kutoka ndani. Katikati kabisa!

Benchi zima likapiga makofi. Mheshimiwa akasimama kushukuru kwa niaba ya wakazi. Owiti akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akafunga boneti, akachungulia dirishani.

— Madam, yako nikirudi. Wacha nikimbizie hao wamama kwanza.

Lori likaondoka likimwaga maji nyuma, na kijiwe kikaagiza kahawa ya pili kusherehekea. Waya alisema kazi ni yake. Diaspora akasema wazo lilikuwa lake, alipotaja garaji. Mheshimiwa akasema uongozi ndio ulileta utulivu uliowezesha kazi. Walikuwa bado wanagawana sifa Truphena alipotokea kwa miguu kutoka upande wa Baba Dogo, leso kiunoni, mikono myeusi kwa grisi.

— Mama, sasa! Mheshimiwa akamwita. Karibu kahawa. Mzee amefika?

— Hajafika. Lori imekufa pale juu ya soko. Amenipigia nikamkuta ameketi chini. Injini imekwama, haizunguki hata kidogo.

Birika la Fowsiya likasimama hewani.

— Geji ilikuwa inasoma nini? Waya akauliza.

— Katikati. Anasema haikutikisika mpaka injini inazima.

— Si unaona, Diaspora akaanza, kisha akaona afadhali anywe.

— Nimefungua rejeta mwenyewe, pale maji ya kupoza injini yanakaa, Truphena akaendelea. Hakuna hata mvuke. Nimeingiza kijiti, kimetoka kikavu kama kilivyoingia.

Waya alikuwa anaangalia vidole vyake.

— Sensa inasoma moto wa maji ya injini, akasema polepole. Maji yakiisha, inabaki kwa hewa. Ndiyo mshale unaanguka.

— Ulikuwa unajua hiyo?

— Kila fundi anajua, mama.

Truphena akatuangalia mmoja mmoja, kuanzia upande wa Mheshimiwa hadi ncha niliyokaa. Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi kama angepandisha.

— Lori ya maji, akasema. Imebeba maji ya kuosha mtaa mzima. Imesimama hapa mbele yenu, boneti wazi. Ni nani aliangalia maji?

Pikipiki ilipita. Mtu fulani kwenye karakana ya pili alikuwa anagonga bati, akaacha, akaanza tena. Fowsiya alitikisa birika, likasikika tupu, akaliweka chini. Mimi nilikuwa nimeuliza swali la werevu, na sikuwa nimeuliza hilo.

— Kliniki wameshaita mwingine, Truphena akasema, kama anayejijibu. Na mwenye gari la kuvuta amekataa kuivuta ikiwa imejaa. Owiti amefungua bomba.

Hapo ndipo tuliposikia miguu. Watoto kwanza, kisha kina mama, kisha vijana wa karakana, wote wakikimbia kuelekea sokoni na mitungi, ndoo na beseni, wakiitana. Maji ya bure! Ya Owiti! Kimbia!

Truphena akajifunga leso upya, akaondoka akifuata njia ileile waliyokimbilia, lakini yeye akitembea. Diaspora hakuwa tena kwenye benchi. Waya alikuwa ameinama, kichwa mikononi.

Mheshimiwa alivuta muda hadi Truphena alipopinda kona. Kisha akanisogelea kwenye benchi, akashusha sauti.

— Madam, hiyo mitungi yako, yote miwili utatumia?