Santuri ya Tatu ya Fredrick Malimi Mwandu

Fredrick Malimi Mwandu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 Ngulyati, Bariadi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Mwandu Bundala na marehemu Mama Martha Ng'washi. Baba yao aliendesha mashine katika kinu cha kuchambulia pamba. Chumba alicholala Fredrick na kaka yake Constantine, anayesoma wasifu huu, kilipakana na ukuta wa kinu hicho, na msimu ulipofika mvumo wa mashine haukukatika.

Alisoma Shule ya Msingi Ngulyati kuanzia 1989 hadi 1995, kisha sekondari mjini Bariadi hadi 1999. Kidato cha nne hakufanya vizuri, na hakumlaumu mwalimu. Mwaka 2001 alikwenda chuo cha ufundi Mwanza kusomea elektroniki.

Tangu 2004 alikuwa fundi redio na simu karibu na stendi ya Bariadi. Hakuwahi kumfungia mteja kifaa kilichotumika na kumwambia ni kipya. Mwaka 2015 alianza kutunga kwa kompyuta muziki uitwao dub techno na deep house: besi nzito, mwangwi mrefu, hakuna anayeimba. Kampuni ndogo ya Ujerumani ilimtolea santuri mbili, mwaka 2021 na 2023, nakala mia tatu kila moja. Kaka yake aliziita kelele, na alimwambia hivyo usoni. Siku moja, baada ya kusikiliza dakika nane, alimuuliza, "Sasa huu wimbo unaanza saa ngapi?"

"Kaka, ndiyo unaishia hapo."

Alifunga ndoa na Flora Salu tarehe 8 Agosti 2009. Walikuwa wameshakaa pamoja mwaka mzima, jambo ambalo wazazi hawakulipenda. Hakuwa mtu wa ibada kila Jumapili, na si haki kusema mbele ya jeneza lake kwamba alikuwa. Nyumba yake ilikuwa na amani.

Julai 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Safari za Mwanza kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, zilimchosha yeye na zikatuchosha sisi. Juni mwaka huu ilifika santuri ya majaribio, ile ambayo mtunzi huikubali kwanza ndipo nakala nyingine zitengenezwe. Ilikuwa santuri yake ya tatu, na chini ya muziki wote aliweka mvumo wa kinu cha Ngulyati, aliourekodi kabla mashine hazijang'olewa. Mafundi wa kule Ujerumani walidhani ni kasoro, wakausafisha. Aliikataa. Wakamwandikia kwamba wanunuzi hawatajua. Akajibu, "Baba yangu aliendesha ile mashine. Irudisheni."

Santuri ya pili ya majaribio ilifika tarehe 3 Novemba. Wakati huo masikio yake yalikuwa yamekufa kabisa kwa ugonjwa na dawa. Akamwita kaka yake, mtu pekee aliye hai aliyelala kwenye kile chumba. "Miaka yote unaita kelele," alisema akicheka. "Leo nisikilizie hiyo kelele."

Constantine alisikiliza mara nne.

"Kaka, mvumo upo?"

Alitikisa kichwa: haupo. Fredrick akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, kaka," akageukia ukutani.

Nje, Flora alilia kwa hasira. "Shemeji, ungemwitikia tu kwamba upo, ungepungukiwa nini? Mtu amebakiza siku!"

Fredrick alifariki Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Jana kampuni ilipiga simu kutoa pole, ikauliza kama sasa santuri inaweza kutoka ilivyo. Flora ndiye aliyepokea. Alisema, "Hapana. Shemeji yangu hajausikia mvumo," akakata simu.

Marehemu ameacha mjane, Flora. Watoto wawili, Precious na Marcelo. Na kaka mmoja. Alichoka sana. Mungu ampumzishe kwa amani.